Akiba ya Nusu Lita

Kinyozi mmoja hapa Bariadi ana sera kamili ya usalama wa umeme: chupa ya maji ya kunywa, nusu lita, imejaa petroli, imefichwa chini ya kiti cha mteja. Umeme ukikatika kichwa kikiwa nusu, anashika kamba ya jenereta na kuuliza kwa upole, "Baba, tuendelee kwa bei ya mafuta?" Nani akatae na upara wa upande mmoja?

Taifa nalo liliwahi kuwa na chupa yake. Mtambo wa IPTL pale Tegeta, megawati 100 za mafuta mazito, ulilipwa hata ukiwa umelala. Mgao ulipotubana mwaka 2011, ikabidi kwanza itafutwe fedha ya kuununulia mafuta. Kisukuma chake: tulikodi kihenge kwa bei ya mtama, mtama wenyewe tukausahau.

Februari 2024 Bwawa la Nyerere likaanza kutupa umeme, safari ya kuelekea megawati 2,115. Aprili 1 gridi ya Taifa ikazima. Tarehe haikuchaguliwa na mchekeshaji.

Fundi cherehani, jirani wa kinyozi, hakujua lolote. Pasi yake ni ya mkaa.