Heko, Ewe Onyo Jekundu!

Mamanju, watunzi wa ngoma wa vyama vya Bagika na Bagalu, wamesifu ng'ombe, wamesifu ngoma zao, na wakikosa cha kusifu wamejisifu wenyewe. Pamba nayo imesifiwa hadi imechoka. Lakini tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, onyo jekundu la kivinjari, lile linalomwambia mtengeneza tovuti wa Bariadi kwamba kompyuta yake mwenyewe si ya kuaminika, halijapata hata kigelegele. Leo tulilipe deni hilo.

Kwanza, tuusifu uadilifu wa mlango unaotufikisha kwenye onyo hili. Kijana anaunda tovuti ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na anataka wakulima waingie kwa akaunti zao za Google au Facebook. Mkulima akibonyeza kitufe, anapelekwa huko kujitambulisha, kisha anarudishwa na msimbo wa muda kwenye anwani iliyosajiliwa. Anwani iliyotumwa ikizidi mkwaju (/) mmoja mwishoni, ikikosa ile "s" ya HTTPS, au ikitaja mlango 3001 badala ya 3000, harudi mtu. Hapa hakuna kujuana, hakuna "mimi mtoto wa fulani", hakuna hela ya soda. Nionyesheni kaunta nyingine ya namna hii.

Pili, onyo linafundisha unyenyekevu. Ile "s" inadai cheti, na kijana anaijaribu tovuti kwenye kompyuta yake kwa 127.0.0.1, anwani ya kompyuta kujiita yenyewe. Let's Encrypt hugawa vyeti vya usalama bure tangu mwaka 2015, ila kwa anwani hiyo haitoi: kila kompyuta duniani inayo, nani athibitishe kuwa ni yake? Kijana akijiandikia cheti mwenyewe, kivinjari kinamuuliza tangu lini mshitakiwa akawa shahidi wake. Anakimbilia mkcert, programu ya Filippo Valsorda inayoanzisha mamlaka ndogo ya vyeti ndani ya kompyuta. Amani inatawala, mpaka anapotaka kujaribu kwenye simu, ambayo haiijui kabisa mamlaka hiyo. Na Google, iliyokuwa mpole kwa 127.0.0.1, inazikataa anwani za nyumbani zinazoanza na 192.168.

Tatu, linasafirisha watu. Akichoka, kijana huchimba handaki la mtandaoni lenye anwani ya HTTPS. Ombi linatoka kwenye simu, linavuka bahari hadi seva ya ng'ambo, kisha linarejea kwenye kompyuta iliyo kando ya simu hiyohiyo. Kwa bando la jero, ni basi gani la Bariadi linaloweza kukufikisha huko na kukurudisha kabla chai haijapoa?

Wabishi watasema huu ni usumbufu mtupu. Wakumbuke Oktoba 2010, Eric Butler alipotoa Firesheep, programu iliyomwezesha yeyote kwenye Wi-Fi ya wazi kuingia Facebook ya jirani bila kujua nywila yake. Wakumbuke Tunisia, mwanzoni mwa 2011, msimbo ulipopachikwa kwenye ukurasa wa kuingilia Facebook ukakusanya nywila za raia. Wezi wote hao walipita mlango mmoja: mawasiliano yasiyofichwa. Kufikia 2013 Facebook ilikuwa imewahamishia watumiaji wake HTTPS, na mwaka 2018 ikazibana pia tovuti zinazowaingiza watu kwa akaunti zake. Kwa hiyo usumbufu wetu una ukoo, na ukoo wenyewe ni wa heshima.

Nawaombeni basi, vijana wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega: tukaneni onyo hili kadiri mpendavyo, ila msilinyamazishe. Anayezima ukaguzi wa cheti ndani ya msimbo "kwa majaribio tu" husahau kuuwasha siku ya kuzindua, na atakayelipia usahaulifu huo ni mkulima ambaye hajawahi hata kusikia neno cheti cha tovuti. Bora kijana akeshe na onyo jekundu kuliko mkulima aamke akaunti yake iko mikononi mwa tapeli.