Kila Mtu na Neno Lake

Wenzangu mliooa walimu, poleni. Wengine someni tu, huenda na nyie yakawakuta.

Mke wangu anafundisha hisabati. Mimi na watoto tunamwita Baraza, kifupi cha Baraza la Mitihani, kwa sababu katika nyumba yetu hapa Tabata yeye ndiye anayetunga, ndiye anayesimamia, ndiye anayesahihisha, na akishatangaza matokeo hakuna rufaa. Miaka yote mitihani yake ilikuwa ya hesabu za matumizi ya nyumbani, na hiyo nimeizoea kuifeli. Balaa lilianza binti yetu mkubwa alipomaliza darasa la saba.

Msimu huo mnaujua. Mtihani mwezi wa tisa, kidato cha kwanza Januari, na katikati hapo mtoto yupo tu nyumbani anamaliza mkate. Kinachomsubiri nacho mnakijua: miaka saba kasoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo kama mengine, halafu anaingia sekondari anakuta jiografia, baiolojia na mengine mengi yamegeuka Kiingereza kwa mpigo. Ndiyo maana kuna kozi za prifomu wani. Mimi niliposikia ada yake nikauliza, kwa upole kabisa, mama wa mtoto si ni mwalimu? Baraza akaniangalia, akanyamaza. Mwanamke akinyamaza namna ile ujue kuna mahali anaandika.

Binti jina lake Neema, ila tunamwita Profesa. Alipewa na mama yake insha ya kumweleza baba. Akaandika: "My father is a good man. He is tall. He likes food. He is a very good man." Niliisoma nikaona haina hata doa, nikataka kuibandika sebuleni. Baraza akatoa kalamu nyekundu.

"Good mara mbili," akasema. "Na ya pili kaongeza very, maana hana la kusema."

Siku hiyo tukajijua kwamba familia nzima tuna Kiingereza cha kuombea maji. Maji tungepewa, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini ukiambiwa mweleze mtu, roho yake ikoje, akili yake ikoje, anaishije na wenzake, tulikuwa na good, bad na nice. Wazo ndiyo usiseme: lilikuwa good idea au bad idea, biashara imeisha.

Baraza akaja na boksi la viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vyangu vya Idi, vikatolewa vikawekwa chini ya kochi, na mpaka leo Kibiriti, kitindamimba wetu, anavitumia kama magari. Boksi likagawanywa kwa vipande vya katoni, likawa na vyumba vitano. Utaratibu huo uliandikwa na Sebastian Leitner mwaka 1972, nao ni rahisi kwa kila mtu isipokuwa anayefanyiwa. Neno jipya linaandikwa kwenye kadi, linakaa chumba cha kwanza, unaulizwa kila siku. Ukilipata linapanda chumba cha pili, ambako utaulizwa mara chache zaidi, na kuendelea. Ukilikosa, hata liwe chumba cha nne, linarudi chini kuanza moja.

Nyuma yake kuna mzee mwingine, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyekaa akikariri silabi zisizo na maana na kujipima mwenyewe. Mwaka 1885 akachapisha alichokiona: mtu husahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo ukiwahi kulirudia neno kabla halijatoroka, safari ijayo linakaa zaidi. Baraza alitueleza haya kwa grafu, akichora nyuma ya bili ya maji ambayo nilikuwa nimeificha.

Sasa kadi. Manila ni hela, na mtoa hela nilishatoa maoni yangu. Lakini niambieni, ni nyumba gani ya Dar es Salaam isiyo na kadi za michango? Sisi tulikuwa nazo droo nzima: kicheni pati, sendofu, ndoa yenyewe, kipaimara, hadi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzangu ambaye alishahama kazi. Karatasi ngumu, upande mmoja mweupe. Baraza akachukua mkasi, akakata kila kadi vipande viwili, jioni hiyohiyo tukaanza.

Kuna sheria moja aliyoiongeza yeye, na hiyo haimo katika kitabu cha Leitner. Neno la kueleza tabia halihesabiwi limejulikana mpaka lipate mtu tunayemfahamu. Jina la mhusika linaandikwa kwa penseli pembeni ya kadi. "Meticulous", anayefanya kitu kwa uangalifu mpaka kwenye kona, akapewa Profesa. "Gullible", mwepesi wa kudanganyika, akapewa mjomba wangu Mzee Kiwanja, ambaye alinunua kiwanja kimoja kwa watu wawili tofauti na wote wawili hawakuwa na kiwanja. "Loquacious", mwingi wa maneno, hakuna aliyebishana: akapewa mama mkwe wangu, ambaye kwa siri tunamwita Redio Mbao. Mama mkwe nampenda, na hilo andikeni. Lakini akianza kukueleza msiba wa Muheza anaanzia marehemu alipozaliwa.

Shemeji yangu, mdogo wake Baraza, naye akatia petroli. Huyu namwita Chuma Ulete, kwa namna hela inavyohama mfukoni mwangu kila akija kusalimia. Alipita kwa wauza vitabu vya mtumba kule Posta akatununulia "Thesaurus" ya Roget, kwa hela yangu. Peter Mark Roget alikuwa daktari, Mwingereza aliyezaliwa 1779, mpenzi wa kupanga orodha. Orodha ya maneno aliianza 1805 kwa matumizi yake mwenyewe, akaichapisha 1852, ana miaka 73. Hakuyapanga kwa alfabeti. Aliyapanga kwa mawazo, mafungu sita makubwa, na ndani yake vichwa vidogovidogo, ili mtu mwenye wazo lakini hana neno aingie kwa wazo atoke na neno. Baraza alifurahi mpaka akaimba. Sisi tulikuwa tunaokota neno mojamoja, kumbe maneno yanaishi kwa koo.

Ukoo wa kwanza kufunguliwa ulikuwa wa pesa, na mimi ndiye niliyekuwa mezani.

Kwa Kiingereza, mtu asiyemwaga hela ovyo anaweza kuitwa "thrifty" au "frugal", na hapo amesifiwa. Anaweza pia kuitwa "stingy", na hapo ametukanwa waziwazi. Au akaitwa "parsimonious", ambalo ni tusi lililovaa suti. Kitendo ni kilekile, kutokutoa. Anayebadilika ni anayesema. Nilijaribu kujiwahi, nikasema andikeni "frugal, Baba". Profesa akakataa. Alikuwa ameshasoma mahali kwamba mwanafalsafa Bertrand Russell alilionyesha hili kwenye redio ya BBC mwaka 1948: tabia moja ikiwa yangu naipa jina zuri, ikiwa yako naipa la wastani, ikiwa ya yule ambaye hayupo naipa baya kuliko yote.

"Kwa hiyo," Profesa akasema, "mtu hajichagulii, baba."

Ikapigwa kura. Mkono wa birika, sehemu ya Kiingereza, nikapewa "parsimonious". Kibiriti alinyoosha mikono yote miwili.

Maneno ya mawazo nayo yakanimaliza kivyake. Nilikuwa na mpango wangu wa matikiti maji, heka mbili Mkuranga, hesabu imekaa vizuri kabisa kwenye karatasi: mashina mangapi, kila shina matunda mangapi, kila tunda bei gani. Zamani Baraza angesema bad idea, nami ningejibu good idea, tukalala. Safari hii Profesa aliisoma karatasi, akainua kichwa: "Baba, it is plausible, but it is not feasible." Yaani ukilisikia linaaminika, ila halitekelezeki. Mama yake akauliza kisima kiko wapi katika hesabu hizo. Ukimfundisha mtoto kutofautisha maneno mawili kama hayo, jua mipango yako yote ya mjini imekwisha.

Tukafika Jumapili ile. Mama mkwe aliingia kutoka Muheza na kiroba cha machungwa, Chuma Ulete akiwa nyuma yake amebeba mkoba. Kibiriti akamkimbilia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu."

"Bibi, you are loquacious."

Baraza akakumbuka ana kitu jikoni. Hakuna kilichokuwa jikoni.

"Ndo nini hiyo, mume wangu?"

"Unaongea saaana. Ndo neno lako. Lipo kwenye boksi."

Nilitegemea dhoruba. Mama mkwe akakaa, akavua kandambili, akaanza kumenya chungwa kwa utaratibu wa mtu mwenye siku nzima.

"Na baba yako," akauliza, "yeye lake lipi?"

Kibiriti akalivaa boksi. Hakutafuta. Kadi yangu ilikuwa chumba cha tano siku nyingi, maana hakuna aliyewahi kuikosea. Akamkabidhi mjomba wake aisome. Chuma Ulete akasoma neno, akasoma maana, akacheka mpaka akapaliwa, halafu, kwa sababu ni mtu wa kuchunguza vitu, akaigeuza.

Kicheko kikakatika. Upande wa pili kulikuwa na pete mbili za rangi ya dhahabu, moja nzima na nyingine nusu, maandishi ya "tunaomba mchango wako wa hali na", na chini yake jina la bwana harusi, limekatwa katikati kwa mkasi. Bwana harusi alikuwa ameishika kadi yenyewe.

Baraza akatoka jikoni mbio kujitetea. Alidhani mchango ulishalipwa, akasema, kwa sababu alipomuuliza mumewe alijibiwa "hilo limeshaisha". Sasa ndugu zangu, limeshaisha ni neno pana. Mimi nilimaanisha kimawazo.

"Baba Neema," mama mkwe akaniita, bado anamenya. "Mwanangu, kadi ya shemeji yako imekuwa daftari?"

"Mama, nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi."

"Mwezi upi?"

Kimya. Kutoka kona ya kochi Profesa akasema taratibu, "Plausible."

Nililipa palepale kwa simu, kadi ya dabo, na mama mkwe akashika simu yangu mpaka ujumbe wa muamala ulipoingia. Kwa kosa la kuchana kadi akaongeza kreti mbili za soda. Halafu akala chungwa lake.

Na bado hakuondoka mikono mitupu. Alimwita Profesa, akataka apewe neno jingine, kwa kuwa lile lake halina heshima. Profesa akafikiri, akamwambia kwamba msemaji huyohuyo, ukiwa unampenda, unaweza kumwita "eloquent". Bibi akalikubali, akaandikiwa kadi, akaitia kwenye mkoba. Sasa anapiga simu kila jioni kuhakikisha bado analitamka sawasawa, na simu hiyo haiishi chini ya taarifa ya habari nzima.

Mimi nami nikaomba langu libadilishwe liwe "frugal", maana si nimelipa? Baraza alijibu kwamba "frugal" hulipa bila kushikiwa simu. Rufaa hakuna.

Harusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukumbi uko hukuhuku Tabata. Wewe uliyepewa kadi na hujalipa, lipa. Na kama mkeo ni mwalimu, ifiche mbali na mkasi.