Gari Linalojihurumia

Maksai waliolikwamua gari langu matopeni karibu na Kidete walikuwa wawili, mmoja mwekundu na mmoja wa madoadoa, na huyo wa madoadoa, nasema haya ilhali jeraha bado bichi, alikuwa akicheua muda wote wa kazi ile, asionyeshe hata dalili ndogo ya kutambua kwamba amepewa shughuli. Nyuma yao ulifuata mnyororo, na nyuma ya mnyororo likafuata gari la fahari, taa zote za mbele ya dereva zikiwaka, za njano na nyekundu, na nyuma ya usukani nimeketi mimi, katika kanzu iliyokuwa nyeupe nilipotoka Kilosa, nikiushika usukani kwa mikono miwili kwa taadhima ya mtu anayeendesha.

Juu ya tuta la reli walikuwa wamesimama wakwe zangu. Mama mkwe, ambaye kwa adabu ya ukwe hajapata kunitazama usoni tangu siku ya posa, siku hiyo alinitazama.

Shemeji yangu alikwisha toa rai kwamba tuje kwa treni, maana Kidete ni mji wa reli kabla ya kuwa mji wa kitu kingine chochote: reli ya kati, iliyoanzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, inapita hapo, na siku hizi reli mpya ya umeme nayo inapita, baada ya kuitoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki. Nikamjibu kwamba treni ina saa zake, lakini gari letu linatungoja sisi. Kauli hiyo imehifadhiwa na ukoo ule kwa uaminifu mkubwa, na kila simu inapopigwa husomewa upya, neno kwa neno.

Gari lenyewe lilikuwa jipya, kwa maana tunayoijua sisi, yaani halikupata kuendeshwa na mtu tunayemfahamu. Lilitoka Japani kwa meli likiwa limekwisha kula zaidi ya miaka kumi ya umri wake kwenye lami za watu wastaarabu, na jina la aliyelitengeneza nalisitiri, si kwa kumwonea huruma, bali kwa kuwa wenye magari ya namna hiyo ni wengi na sharti niendelee kusalimiana nao. Katika picha iliyonishawishi lilisimama juu ya jabali, magurudumu yake yamepakwa tope kidogo, tope la adabu, mahali panapostahili. Kila linapowashwa, sauti ya mwanamke hunena maneno ya Kijapani kwa upole na murua ambao nyumbani kwetu haukuzoeleka, hata mke wangu akaamini kwamba ni dua ya safari, akawa akiitikia amina. Muda ukapita ndipo kijana mmoja aliyesomea huko alipotufasiria kuwa bibi yule hutukumbusha tu kwamba hatujachomeka kadi ya kulipia barabara za mwendo wa kasi.

Hapa yanipasa nisimame nieleze habari za difu, kwa sababu bila ya difu fedheha yangu haifahamiki, na pia kwa sababu ni kitu cha ajabu kupita sifa kinazopewa. Gari linapokata kona, gurudumu la nje huzunguka duara kubwa na la ndani duara dogo, kwa hiyo la nje halina budi kwenda mbio zaidi. Lau yangefungwa yote mawili kwenye chuma kimoja kisichogawanyika, mojawapo lingeburutwa katika kila kona, tairi zikaliwa upesi na chuma mwishowe kikakatika. Mfaransa mmoja mtengeneza saa, Onésiphore Pecqueur, katika miaka ya 1820, zamani sana kabla ya petroli kuendesha chombo chochote, aliikata kesi hii kwa gia chache zilizopangwa katikati ya ekseli, zikayapa magurudumu ruhusa ya kuhitilafiana mwendo pasipo kuachana. Nimeliona difu limefumuliwa gereji, limelowa oili nyeusi. Nikakizungusha kigia kimoja cha pembeni kwa kidole, nacho kikazipeleka gia mbili kubwa pande mbili tofauti, kimya kimya, kwa utii wa kushangaza, na nusura nisahau kwamba difu lile ni langu, na kwamba fundi alilifumua ingawa ugonjwa haukuwa humo.

Hikima ile, hata hivyo, ina ila moja. Difu huyapa magurudumu mawili nguvu zilizo sawa, na kipimo cha nguvu hizo hutoka kwa lile lililo dhaifu: gurudumu lililo katika utelezi huzunguka bure pasipo kuhitaji chochote, basi na mwenzake aliye juu ya ardhi kavu, aliye tayari kufanya kazi, hupewa hicho hicho, yaani si kitu. Ni urithi wa baba anayetazama mwanawe mvivu ana haja ya jembe gani, akiona hana haja ya jembe, huwanyima jembe watoto wote. Na gari la kusukuma kwa miguu minne huwa na difu la mbele na difu la nyuma, na mengine huongeza la tatu katikati, ili uvivu uweze kutoka pembe yoyote.

Wazee wa magari ya shamba waliyajua haya. Katika magari yaliyofuata nyayo za Landrova, lililoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, aghalabu kulikuwa na wenzo mfupi sakafuni karibu na ule wa gia. Dereva akiuvuta, mara nyingine kwa mikono miwili na matusi, ekseli ya mbele ilifungamana na ya nyuma, chuma kwa chuma, na chuma hakina maoni.

Gari langu halina wenzo. Lina kitufe, na juu ya kitufe pamechorwa kigari kinachopanda mlima. Kitufe hicho hakifungi chochote; hupeleka ombi. Ombi hupokewa na kompyuta, nayo huziuliza sensa zilizo katika kila gurudumu kama kweli mbele kunateleza. Ikiridhika, hupeleka umeme kwenye sumaku iliyo jirani na difu la nyuma, sumaku huvuta, visahani vya klachi hubanana, na hapo ndipo magurudumu ya nyuma, ambayo siku zote yalikuwa yakiburutwa na yale ya mbele, huanza nayo kusukuma. Nakiri kwamba nilipoyaelewa haya niliyastaajabia usiku mzima. Lakini visahani vikisuguana kitambo, oili hupata joto. Joto likizidi, kompyuta huukata umeme ili klachi isiungue. Na sensa moja ikinyamaza, kompyuta haingoji hata joto. Maana yake, gari, likiwa ndani ya tope, katika saa ile ile ambayo kwa ajili yake lilinunuliwa, huamua kujihurumia.

Basi ilikuwa masika. Tulikwisha pita Munisagara salama, mto Mkondoa ukinguruma kandoni, na kabla ya Kidete tukakuta kijito kimetandaza tope la mfinyanzi upana wa njia yote, tope jeusi, laini, lenye kung'aa, na katikati yake alama ya tairi ya pikipiki iliyonyooka bila wasiwasi wowote. Nikabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, nami nikamtazama mke wangu. Tukaingia, gari likavuta, likatikisika, likapiga kelele ya chini ambayo sikupata kuisikia, kisha taa ya kijani ikawa ya njano, ya njano ikaita wenzake, na gurudumu la mbele la kushoto likaanza kuzunguka peke yake kwa furaha, likirusha tope hadi juu ya kioo, ilhali yale matatu yametulia tuli. Nikalizima, nikaliwasha. Bibi wa Kijapani akatukumbusha habari za kadi. Mke wangu hakuitikia amina.

Walikuja vijana waliokuwa shambani, jembe begani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu.”

“Mzee, weka fowili.”

“Nimeweka.”

“Mbona haijaingia?”

“Inatafakari,” nikasema.

Wakachuchumaa, wakachungulia chini, wakanong'onezana, na mmoja wao akasema kwa huruma iliyonichoma kuliko kicheko kwamba matrekta yenyewe hupita hapa bila kutafakari. Ikapita bodaboda yenye abiria wawili na mbuzi. Mbuzi alinitazama. Kisha juu kule kwenye tuta ikapita treni ya umeme, ambayo mwendo wake hufika kilomita 160 kwa saa, na kabla sijapata wasaa wa kuionea kijicho ilikwisha toweka, na watu wake wote ndani yake wakavu.

Mzee mwenye maksai aliitwa, akaja taratibu, akapokea shikamoo yangu, akalizunguka gari, akataja bei. Nikamsihi apunguze kwa kuwa mimi ni mkwe wa hapa hapa. Akauliza, mkwe wa nani? Nilipomtajia ukoo akapandisha bei, akisema watu wale anawadai tangu mavuno yaliyopita, na kwamba heri deni lilipwe na atakayelipa.

Nimetafuta faraja vitabuni, na nimeipata kwa mtu nisiyempenda. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alipanda kutoka Bagamoyo akapita bonde hili hili la Mkondoa, naye katika matayarisho yake alikuwa ameunda kigari cha magurudumu, kipana kiasi cha njia ya mbuzi, akiamini kwamba kitapunguza kazi ya wapagazi. Masika yakamkuta kwenye kinamasi cha Mkata, na baadaye, bondeni huku, akakiona kigari chake kinakuja juu ya kichwa cha mpagazi mmoja mwenye misuli, magurudumu, ekseli na yote, kwa kuwa mpagazi yule alikwisha gundua kwamba kukibeba ni kwepesi kuliko kukivuta. Stanley akaamuru kitupwe katika matete, kikabaki huko. Nampa insafu yake: kigari kile hakikuwa na kompyuta, na hakikumdanganya kwa taa ya kijani. Mimi matete niliyaona pia, marefu, mengi, yenye kusitiri, lakini nilikwisha lilipia ushuru.

Na hapa kicheko kinanikauka. Gari lile nililipia ushuru wa forodha asilimia 25; juu ya bei na ushuru huo ikapandishwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, yaani nililipa kodi juu ya kodi; tena ukatozwa ushuru wa uchakavu, ambao ni adhabu anayopewa mnunuzi kwa umri ambao mwingine aliufaidi. Sina ugomvi na kulipa. Ila kila lita ya mafuta niliyotia tangu hapo imekatwa tozo ya barabara, nami naomba nionyeshwe barabara. Bonde hili si geni kwa maji: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalifukuza watu makwao Kilosa na kuichimba reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe hata treni za abiria zikasimama kwa miezi. Reli ikikatika, nchi nzima huambiwa, wakuu huja na helikopta. Njia ya magari ikikatika, huambiwa wakwe. Mkulima anayengoja lori hapo na magunia yake hana maksai wa kulivuta lori, na mwenye lori, ambaye si majununi, haji. Niliyempigia simu, yule aliyeniuzia, aliniambia kwa sauti ya mtu anayekula kwamba gari ni zima, barabara ndiyo mbovu. Ajabu ni kwamba wa upande wa barabara ukimuuliza atakwambia barabara inapitika kwa gari lililo zima.

Mafundi nao walichomeka mashine yao, ambayo hulipiwa kila inapochomekwa, ikatoa namba. Namba ikamshtaki difu, difu akafumuliwa akaonekana hana hatia. Ikamshtaki gia boksi. Mwisho kijana anayefagia gereji akauona waya wa sensa ya gurudumu la nyuma, umekatwa na jiwe, akauunga, akaufunga kwa utepe mweusi. Malipo yake yalikuwa soda. Bili ya wakubwa wake siiandiki hapa, mke wangu asije akaisoma.

Mengine yaliyofuata ni madogo. Mlango wa nyuma ulikataa kufunguka siku ya kubeba jeneza. Kioo cha dereva kilishuka chenyewe barabarani Mikumi, mahali nyani wanapongojea ndizi za wasafiri, kikakataa kupanda. Ufunguo wake usio na meno uliishiwa betri Kimamba.

Jana amenipigia mtu wa Morogoro aliyeliona tangazo. Ni mtu makini, mwenye maswali ya mtu aliyekwisha umwa. Ameuliza habari za oili, za tairi, za kadi ya gari, kisha akaniuliza, kwa kunibana, kama gari hili limewahi kutumika katika njia mbovu. Nimemjibu kwa dhamiri safi kabisa kwamba halikutumika hata kidogo. Kila lilipofikishwa kwenye njia mbovu, lilikataa. Amefurahi sana, na anakuja kuliona Jumamosi.