Nyamaza, Ila Kama U Wetu

Februari 2018, mtangazaji Laura Ingraham wa Fox News alimtaka nyota wa kikapu LeBron James afunge mdomo, adunde mpira wake, siasa hazimhusu. Haya, tumesikia. Julai 2024, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Milwaukee, mwanamieleka Hulk Hogan akapanda jukwaani, akaichana fulana yake kwa mikono miwili. Ndani kuna nyingine, imeandikwa Trump na Vance. Ukumbi mzima shangwe! Hakuna aliyemwambia arudi ulingoni. Na mgombea mwenyewe, Trump, je? Si yule aliyevuma kwa kufukuza watu kazi kwenye televisheni? Kumbe siasa kwa mastaa si haramu, haramu ni kukosea upande. Ukipatia, hata kuchana nguo ni hoja.