Kesi ya Beberu na Mkewe

Paukwa! Pakawa.

Katika kijiji cha Mbuyuni aliishi Beberu mmoja mwenye ndevu ndefu na sauti iliyozizidi ndevu. Mkewe, Bi Mbuzi, alimzalia watoto wanne, majike watupu, wazima wa afya. Alipozaliwa wa nne, Beberu hakuingia hata ndani kumtazama. Alisimama uani, akapaza sauti ili majirani wasikie: "Mwanamke huyu ana tumbo la majike! Zizi langu atalirithi nani?" Kabla kitovu cha mtoto hakijakauka, alimfungashia mkewe virago, akaenda barazani kudai arudishiwe mahari.

Baraza likaketi chini ya mbuyu, Mzee Tembo akiwa mwenyekiti. Sungura akamsemea Beberu. "Mzee wangu, mimba hukaa kwa nani? Kwa mama. Uchungu humshika nani? Mama. Basi wa kuulizwa kilichotoka ni nani, kama si mama?" Madume wote wakagonga kwato chini kwa kuridhika.

Bi Mbuzi akainuka, mtoto akiwa ubavuni. "Mzee, sikuja kuomba huruma. Naomba waitwe wanaojua."

Kuku akatangulia. "Kwetu sisi ndege, mwenye kuamua ni mama. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Mimi nina Z moja na W moja. Yai langu likibeba Z, huanguliwa jogoo. Likibeba W, huanguliwa tembe."

"Mmesikia!" Sungura akaruka. "Mama!"

"Nimesema ndege," Kuku akamkata. "Huyo mteja wako ametaga lini?"

Akafuata Kasa, maji ya chumvi bado yakimdondoka. "Kwetu si mama wala si baba. Ni mchanga. Mayai niliyoyafukia yakipata joto la nyuzi 29 hivi, hutoka wa kike na wa kiume. Joto likizidi, hutoka majike. Likipungua, hutoka madume. Na fuo zinavyozidi kupata joto, nahofia mabinti zetu watakosa waume."

Nyuki naye akasema: "Dume letu halina baba kabisa. Yai la malkia lisiporutubishwa, hutoka dume lenye kromosomu 16. Likirutubishwa, hutoka jike lenye 32."

Sungura akakunja mikono. "Kila mmoja na la kwao. La mbuzi nani analijua?"

"Mimi," ikasikika sauti kutoka kwenye gunia la nafaka. Akatoka mdudu wa unga, mdogo hata walio nyuma hawakumwona. Madume wakaangua kicheko. Tembo akapiga mkonga chini mara moja, pakatulia.

"Mwaka 1905," mdudu akaanza, "mwanasayansi mwanamke wa Marekani, Nettie Stevens, wa Chuo cha Bryn Mawr, aliziweka seli za ukoo wangu chini ya hadubini. Kwa jike akahesabu kromosomu 20, zote kubwa. Kwa dume akahesabu 19 kubwa na moja ndogo. Akayatazama mayai: kila moja lilibeba 10 kubwa. Akazitazama mbegu za kiume: nusu zilibeba 10 kubwa, nusu zilibeba 9 kubwa na ile ndogo. Akatambua kwamba yai likirutubishwa na mbegu yenye ile ndogo, hutoka dume. Hiyo ndogo leo huitwa Y, na mwenziwe mkubwa ni X."

"Na mbuzi?" Tembo akauliza.

"Mbuzi ni vivyo hivyo, Mzee, na ng'ombe, na binadamu. Karibu kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu. Mbuzi ana 60, binadamu ana 46. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwa ukakunjika, nao umeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. A hukabiliana na T, G hukabiliana na C, toka mwanzo wa uzi hadi mwisho. Kipande cha uzi chenye agizo lake ndicho jeni. Yai la Bi Mbuzi hubeba nusu, yaani kromosomu 30. Mbegu ya Beberu nayo hubeba 30. Sasa sikilizeni. Bi Mbuzi ana X mbili, Y hana, na asicho nacho hawezi kukitoa. Beberu ana X na Y. Nusu ya mbegu zake hubeba X, nusu hubeba Y. Kwenye Y mna jeni iitwayo SRY, inayokiagiza kiinitete kiote korodani. Agizo hilo lisipofika, huota ovari."

Jasho likamtiririka Beberu ndevuni. Akakohoa. "Mzee Tembo, kuzaa ni majaliwa. Hapa hakuna mwenye kosa."

"Ndivyo mteja wangu alivyosema tangu mwanzo," Sungura akadakia.

"Asubuhi kosa lilikuwapo," Tembo akasema, "na mwenye kosa alitajwa kwa jina. Limegeuka majaliwa lilipofika mlangoni kwako."

"Lakini ni kweli hakuna kosa," mdudu akasema. "Beberu hachagui mbegu itakayolifikia yai, na kila mimba huanza upya. Kati ya nyumba 16 zenye watoto wanne wanne, kwa wastani moja itakuwa na majike watupu. Safari hii imekuwa nyumba yenu."

Mzee Tembo akatoa hukumu. "Mahari hayarudi. Bi Mbuzi atarudi nyumbani akipenda, na wewe Beberu utamwomba radhi mbele ya majirani wale wale, kwa sauti ile ile. Ulilia huna mrithi. Katika kiini cha seli za kila binti yako mna kromosomu 30 zilizotoka kwako na 30 za mama yake. Mtoto wa kiume naye angepata 30 kwako, hangepata 31. Mwili umekwisha kuwarithisha mabinti. Wape na zizi."

Madume waliogonga kwato wakainamisha vichwa, kwa maana wengi wao walikuwa na virago vya wake zao vimefungwa tayari nyumbani.

Virago vya namna hiyo hufungwa hata leo katika nyumba za watu. Yuko mama anayetukanwa na mawifi, yuko anayeletewa mke mwenza, yuko anayezaa mfululizo hadi afya inamwishia akimtafuta mtoto wa kiume. Ewe unayetaka kumrudisha mkeo kwao kwa kuwa amezaa mabinti, jiulize kwanza Y ilikuwa kwa nani.