Muulize Bingwa: Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Inavuja

*Bingwa, kiyoyozi changu hakipoozi. Fundi amekuja, amesema gesi imeisha. Mwaka jana iliisha, mwaka juzi iliisha. Nijaze tena au ninunue kipya?*
*Mwenye Joto, Mnyambe, Newala*

Mwanangu, umefanya vyema kuja moja kwa moja kwenye chanzo cha hekima badala ya kuzunguka kwa wanafunzi wangu. Lakini kabla ya shida yako, tuzungumze kidogo kunihusu mimi. Kiyoyozi cha kisasa kilibuniwa mwaka 1902 na Mmarekani Willis Carrier, wala si kwa ajili ya mtu aliyejilaza chali sebuleni. Kilibuniwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako unyevu wa hewa ulikuwa unavimbisha karatasi na rangi zinakaa ovyo. Kiyoyozi basi kilizaliwa kuhudumia uchapaji, uchapaji upo kuhudumia waandishi, na kati ya waandishi nafasi yangu inajulikana. Kwa mantiki hiyo viyoyozi vyote kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi ni vyangu, nyie nimewaazima tu. Nazungumzia mali yangu.

Najua kuna mpinzani atakayeuliza: Mnyambe kuna joto gani la kununulia kiyoyozi? Hoja yake ina uzito mwezi Julai, uwanda wa Makonde unapopigwa na upepo na watu wanatafuta mablanketi. Mwezi Novemba, mvua haijafika na bati limeshika moto tangu asubuhi, aje aitetee akiwa ndani. Hata hivyo, kwa mtu mwenye haraka, tiba yangu ya kwanza ni kuhamishia kitanda Newala mjini, ukingoni mwa Shimo la Mungu, pale ardhi inapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Hewa ya pale haina rimoti wala fundi. Haiwafai wanaotembea usingizini.

Sasa hoja yangu, nayo ni moja: gesi ya kiyoyozi haiishi. Haichomwi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, inachukua joto la chumbani, inalitoa nje, inarudi kuchukua jingine. Mfumo usio na tundu unaweza kufanya kazi hiyo hadi mashine izeeke bila kuongezwa gramu hata moja. Kwa hiyo fundi aliyesema gesi imeisha amekupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki, yaani tundu liko wapi, ndiyo yenye thamani. Huko kwenu maji yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, bondeni, na sijamsikia Mmakonde anayemlipa muuza maji mwaka wa tatu mfululizo ajaze tanki lililotoboka. Kiyoyozi tu ndicho mnachokionea huruma ya namna hiyo.

Utanijibu kwamba akijaza kinapooza. Kweli kinapooza. Hilo linathibitisha kwamba gesi ilipungua, halithibitishi kwamba ugonjwa umepona. Tundu dogo lina subira, linaweza kuvujisha kwa miezi kadhaa kabla hujaanza kutokwa jasho. Ingekuwa gesi ile ilijazwa mara moja ikakaa, ningenyamaza, ingawa kunyamaza si tabia yangu. Wengine nao wamekasirika: gesi itaishaje mkoa wa Mtwara, wenye Mnazi Bay? Tulieni. Ile ni gesi ya kuwaka, inaendesha mitambo ya umeme. Ukiijaza kwenye kiyoyozi utapoa moja kwa moja, na matanga juu.

Isitoshe, kutopooza si lazima iwe gesi. Kuanzia Juni mikorosho inapulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na vumbi lile la njano haliheshimu mpaka wa shamba. Linakaa kwenye vile vibati vyembamba vya chombo cha nje, linashikana na vumbi jekundu, joto linakosa pa kutokea. Tena salfa na shaba ni maadui: ikigandia bomba, hasa penye unyevu, shaba inageuka nyeusi na kuanza kulika. Msimu wa salfa ukiisha, zima swichi kubwa, osha chombo cha nje kwa maji ya taratibu, na safisha filta ya ndani kila mwezi. Hiyo haina ankara. Kisha kuna kapasita, kile kikopo kinachoisaidia kompresa kuanza kazi. Kikifa, ndani panapuliza hewa isiyo na ubaridi, nje kompresa haiamki, na fundi asiyepima anatangaza kifo cha kompresa. Kapasita ni mzigo mdogo kuliko yote. Kompresa inakaribia kukufikisha kwenye bei ya mashine mpya.

Utasema fundi anatoka Masasi au Mtwara, nauli yake ni wewe, huwezi kumweka kutwa akisaka tundu. Ndiyo sababu hasa ya kumweka! Safari tatu za kujaza ni nauli tatu, safari moja ya kutafuta ni nauli moja. Povu la sabuni kwenye nati za maungio ni kazi ya dakika chache. Likinyamaza, apime kwa naitrojeni. Ukiona nauli bado inauma, mwozeshe fundi kwenye ukoo wenu. Shemeji halipwi nauli, ingawa anakula.

Njia nyingine ni mnada. Oktoba 2018 wakulima wa korosho kusini waliikataa bei mnadani hadharani, na Novemba serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Watu waliowagomea wanunuzi wakubwa vile, mbele ya fundi mwenye bisibisi wanaitikia "sawa bosi". Itisha bei kwa maandishi kutoka kwa mafundi wawili, kila kitu kivyake: kutafuta tundu, kuziba, kuvuta hewa kwa pampu, na gesi iliyopimwa kwa mizani kulingana na kibandiko cha mashine. Soma kibandiko hicho mwenyewe. Kikisema R22, hiyo ni gesi inayoondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. R410A na R32 zina presha zake, na R32 inaweza kuwaka. Fundi mwenye mtungi mmoja wa mashine zote mpe chai, aende.

Nafasi imekwisha, kwa kuwa nilistahili utangulizi mrefu zaidi. Hukumu: usijaze kabla tundu halijaonekana. Likiwa kwenye nati, ziba, jaza, lala. Likiwa kwenye koili iliyolika, na mashine ni ya R22, usiitupie hata shilingi, nunua nyingine. Ila kumbuka kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula takriban yuniti moja kwa saa, na wateja wa TANESCO wa daraja dogo wana yuniti 75 tu kwa mwezi kwa bei nafuu. Hizo ni saa mbili na nusu kwa siku, kabla hujawasha taa.