Daftari la Chatu

Katika kijiji cha Mbuyuni, mlango haufunguliwi asubuhi ila na Chatu. Hufika kizingitini, huandika jina la mwenye nyumba daftarini, kisha husoma karatasi ya mlangoni mstari kwa mstari, kuanzia juu, akitenda kila anachoambiwa. Akitumwa kwa jirani, huacha yote akaenda. Jirani ambaye jina lake limo daftarini haamshwi mara ya pili. Chatu huingia tu akachukua alichotumwa.

Siku moja alianzia kwa Sungura, mpika maandazi. Akaandika jina. Mstari wa juu ulisema: mwamshe Mzee Kobe. Chini kabisa: ponda iliki. Chatu akaenda kwa Kobe, muuza chai, akaandika jina. Mstari wa juu: chukua iliki kwa Sungura. Akatazama daftari, Sungura yumo. Akaingia jikoni kwake: kinu kimelala kifudifudi, iliki ingali ndani ya maganda.

"Sioni iliki katika nyumba iliyoamka nusu," akatangaza Chatu. "Yaelekea mnazungukana."

Kijiji kikashinda na njaa.

Waandishi wa programu za Python wanamjua Chatu huyu, ingawa Guido van Rossum aliipa lugha yake jina la wachekeshaji wa Uingereza, si la nyoka. Tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019, faili mbili zikiitana kwa kuzungukana, ujumbe wa kosa hutaja wazi moduli, yaani faili, iliyoamka nusu. Kabla ya hapo uliambiwa tu kwamba jina halipatikani, nawe unaliona kwa macho yako ndani ya faili.

Ndivyo alivyolia Sungura: "Iliki si imeandikwa, Mzee Kobe? Isome mwenyewe!" Kweli iliandikwa. Lakini daftari huonyesha kwamba mlango umefunguliwa, halisemi kama kazi imekwisha.

Kesho yake, kwa ukurasa mtupu wa daftari, Chatu alianzia kwa Kobe. Akatumwa iliki kwa Sungura. Kwa Sungura akaambiwa amwamshe Kobe, akamkuta daftarini, akaendelea chini hadi kwenye kinu. Iliki ikapatikana, chai ikachemka, watu wakashangilia. Kesho kutwa akaanzia tena kwa Sungura, na njaa ikarudi. Nafuu ya namna hii naiogopa kuliko njaa yenyewe, maana hakuna kilichotengenezwa. Umebadilika mlango wa kuanzia tu.

Nyumbu akashauri Kobe autoe mstari wa iliki juu ya karatasi, amtume Chatu pale tu mteja anapoagiza chai. Wakajaribu, ikafaa. Pana siku hiyo ndiyo dawa pekee. Ila iliki ikikosekana, utajua mteja ameshaketi na kikombe mkononi.

Bi Kanga akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akapitisha ukucha mstari kwa mstari. "Wanangu, iliki hii ni ya nani hasa?"

Sungura akamtazama Kobe. Mmoja aliitia kwenye unga, mwingine kwenye birika.

Wakajenga kibanda cha tatu kati ya nyumba zao. Kinu kikahamia humo, karatasi zao zote mbili zikamtuma Chatu huko, na karatasi ya kibanda ikawa na mstari mmoja: ponda iliki. Hakuna jirani wa kuamshwa. Alfajiri iliyofuata Chatu alianzia kwa Sungura, na mlio wa kinu ukasikika kabla Mzee Kobe hajafumbua macho.